Kijito Kinang'aa, Kaa Wameisha

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na chini ya kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, kuna kijito kinachoshuka kuingia mto Karanga. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukikamata kaa chini ya mawe, na viluwiluwi vilijaa tele. Leo maji yanang'aa, unaona hadi mchanga, lakini kaa hakuna. Juu yetu watu wamefungua bustani za nyanya, na mabomba ya dawa wanayaosha humohumo kijitoni. Mwaka jana tulichangishana tukapeleka maji yapimwe, majibu yakaja kwamba yako sawa. Jirani anasema maji yanayotembea hujisafisha, sumu ikipita imepita. Ni kweli? Na kama ni sumu, mbona kipimo hakikuiona? Kaa watarudi?

Jibu:

Marahaba mwanangu. Jirani yako hajadanganya, ila amesema nusu ya habari. Dawa nyingi zinazomwagika kwenye kijito kama chenu hupita kweli. Mtu akiosha bomba saa nne asubuhi, saa saba mchana ukichota maji palepale huenda usipate kitu. Maji yameshaichukua, yanaipeleka Karanga, hadi mito ya Weruweru na Kikuletwa, mwisho bwawa la Nyumba ya Mungu. Lakini kaa haishi kwa saa, anaishi kwa miaka. Akishakufa saa nne, maji safi ya saa saba hayamfufui.

Ngoja nikupigie hesabu, maana wengi hudhani dawa kidogo kwenye maji mengi si kitu. Chukua klopairifosi, dawa ambayo wakulima wa mboga wameitumia miaka mingi. Aina iliyozoeleka ina gramu 480 za sumu yenyewe katika lita moja. Tuseme mkulima amechanganya mililita 30 kwenye bomba la lita 15, amepuliza, na nusu lita imebaki chini ya bomba. Anashuka kijitoni kusuuza. Ndani ya hiyo nusu lita mna mililita moja ya dawa, yaani karibu nusu gramu ya sumu. Wadudu wa majini walio wepesi kabisa kudhurika huanza kufa sumu hiyo ikifika maikrogramu 0.1 tu katika lita ya maji, na maikrogramu ni gramu iliyogawanywa mara milioni moja. Nusu gramu ile inatosha kufikisha kiwango hicho kwenye lita milioni 4.8. Kijito cha kuvuka kwa kurukia mawe, wakati wa kiangazi, huenda kinapitisha lita 50 kwa sekunde, ambazo kwa siku nzima ni lita milioni 4.3. Masalia ya bomba moja yanazidi maji yenu ya siku nzima. Na hayajigawi sawasawa namna hiyo. Yanateremka kwa pamoja kama wingu, makali kuliko hesabu yangu na kwa muda mfupi kuliko siku.

Sasa zidisha kwa mabomba ya wakulima wote walio juu yenu, na kwa msimu mzima wa nyanya, ambayo watu hupulizia karibu kila wiki. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza klopairifosi katika orodha ya kemikali za kuondolewa, kwa misamaha ya matumizi kadhaa. Lakini chupa iliyoko stoo haisomi mikataba. Na hata ikiisha, mrithi wake yuko tayari dukani: dawa zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, kama saipamethrini na lambda-saihalothrini, ambazo pia zimo kwenye majosho ya ng'ombe. Hizi humsumbua mtu kidogo kuliko zile za zamani, ndiyo maana zinapendwa. Kwa mdudu wa majini na kwa kaa ni moto. Halafu zina tabia ya kunata kwenye tope na majani, kwa hiyo maji yanaondoka, zenyewe zinakaa chini, pale kaa anapotafuta chakula.

Kuhusu kipimo, jambo la kwanza ambalo ningewauliza wale mliowapelekea chupa ni hili: mlipima nini? Kipimo cha kawaida cha maji ya kunywa huangalia bakteria wa kinyesi, chumvi, naitreti, floridi, uchachu, tope. Dawa za mashambani zinahitaji mashine nyingine, kazi nyingine na fedha nyingine, na mara nyingi hazimo kwenye orodha hiyo mpaka uziombe kwa majina. Karatasi ikisema maji yako sawa, inasema juu ya yale yaliyopimwa tu. Jambo la pili ni saa. Chupa moja ya maji ni kama picha moja ya harusi: bibi harusi akiwa amefumba macho, utasema alilala sherehe nzima. Sumu ilipita Jumanne, ninyi mkachota Alhamisi.

Ndiyo maana sisi tunaosoma mito tukitaka kujua kilichopita hatuanzi na maji, tunaanza na mawe.

Nitakueleza nilichokiona siku moja kwenye kijito cha upande wenu huohuo wa mlima, karibu na mpaka wa msitu. Niliinua jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto nikaligeuza. Upande wa chini walikuwa wamejibana wadudu bapa wenye rangi ileile ya jiwe, mikia mitatu myembamba kama nywele, na kila ubavu una safu ya vijani vidogo vinavyopepea bila kupumzika. Vijani vile ndivyo wanavyovutia pumzi. Akishakua, mdudu huyu huota mabawa, hutoka majini, huishi siku moja au mbili, hutaga na kufa. Kando yao palikuwa na vijumba vya mchanga, punje imeshikamanishwa na punje kwa nyuzi za hariri, urefu hauzidi kucha ya kidole cha mwisho, na kila kimoja kina buu ndani anayechungulia. Kaa mmoja alikimbia kinyumenyume akiniinulia gando. Jiwe moja tu hilo.

Nikashuka kilomita kama tatu, nikapita bustani, nikainua jiwe la kimo hichohicho. Ruba wawili. Konokono. Kwenye tope la chini yake, vijidudu vyekundu kama vipande vya uzi, ambavyo wekundu wao ni damu inayoshika oksijeni hata pale ilipo haba. Ute wa kijani umefunika jiwe, kwa sababu wengi waliokuwa wakiulamba wameisha. Maji ya sehemu zote mbili ukiyaweka kwenye glasi usingeyatofautisha.

Usidhani huu ni uganga. Afrika Kusini wana mfumo uitwao SASS unaoupa mto alama kwa kutazama wanyama wadogo wanaoishi humo, na Tanzania tuna wa kwetu, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015. Kila ukoo wa wadudu hupewa alama kati ya 1 na 15: wanaovumilia uchafu hupata chache, wanaokufa upesi hupata nyingi. Ukikuta wengi wenye alama kubwa, mto uko salama. Ukikuta ruba na vijidudu vyekundu peke yao, kuna kitu kilipita, hata kama chupa ya maabara haikukiona.

Nirudi kwa jirani yako, maana usemi wake kwamba maji hujisafisha una mahali pake pa kweli, na ni vizuri umjue mto hapo. Kuna uchafu ambao mto huula. Fikiria maji ya kumenyea kahawa. Msimu ukifika, mashine ya kumenyea hutoa maji yenye utelezi na sukari ya maganda. Hakuna sumu humo. Tunda la kahawa hata mtoto analinyonya. Lakini yakiingia kijitoni, bakteria huishambulia ile sukari, na katika kula kwao huvuta oksijeni iliyomo majini. Kwenye mwinuko wa Kibosho, maji ya nyuzi 20 hushika miligramu 7 na ushee tu za oksijeni kwa lita, hata yakipiga mawe mchana kutwa. Maji mabichi ya kumenyea kahawa yanaweza kudai maelfu ya miligramu kwa lita. Kwa hiyo wanyama wanakosa pumzi katikati ya maji, na utasikia harufu ya kuoza kabla hujafika. Kadiri mto unavyoteremka ukipiga mawe, hewa inaingia tena, bakteria wanamaliza chakula, na baada ya umbali fulani uhai unarudi. Wamarekani wawili, Streeter na Phelps, waliipigia hesabu kushuka na kupanda huko kwa oksijeni kwenye mto Ohio mwaka 1925, na hesabu yao inatumika hadi leo. Kwa maji ya kahawa, kinyesi cha ng'ombe, hata choo, jirani yako anasema kweli, mradi mto uwe na nafasi ya kutosha kabla ya kumwagiwa tena. Mto Themi pale Arusha unaingia mjini ukitoka mlimani kwa kasi, lakini kabla haujamaliza kuvuta pumzi unapokea mtaro mwingine, gereji nyingine, vijana wengine wanaoosha pikipiki.

Shaba ni habari nyingine kabisa. Kahawa ya Kilimanjaro imepuliziwa dawa za shaba kwa miongo mingi, kuanzia mrututu hadi zile za unga za madukani, kwa ajili ya kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni. Shaba ni madini. Bakteria hawaili, jua haliivunji. Inashuka na udongo wa mvua na kukaa kwenye tope la mto. Na hapa kijito chenu kina bahati mbaya inayotokana na uzuri wake. Maji ya kutoka msituni ni laini, hayana chokaa. Bila shaka umeona sabuni inavyotoa povu upesi ukifulia pale. Maji yenye chokaa humkinga kidogo mnyama dhidi ya shaba, maana chokaa hugombania nafasi ileile ya kuingilia mwilini. Maji laini hayana kinga hiyo, kwa hiyo kiasi kilekile cha shaba huuma zaidi Kibosho kuliko kwenye mto wa tambarare wenye chumvi nyingi.

Sabuni za kufulia nazo huharibu ngozi laini ya vile vijani vya kupumulia, na mbolea inayosombwa hukuza ule ute wa kijani. Hayo ni mabaya, ila katika mto wenye kasi kama wenu siyo ambayo ningeyashuku kwanza.

Ninaloshuku ni mabomba, na ushahidi wako umo katika swali lako lenyewe. Umesema kaa wameisha, maji yanang'aa. Kama tatizo lingekuwa uchafu wa kuoza, ungesikia harufu na kuona utando wa kijivu kwenye mawe. Kama lingekuwa tope la mmomonyoko, maji yasingeng'aa. Kaa na wadudu ni ndugu wa karibu kuliko watu wanavyodhani, na dawa iliyoundwa kuvuruga neva za mdudu wa nyanya haijui kutofautisha. Kuna uwezekano mwingine ambao ni lazima uuchunguze kabla hujamnyooshea mtu kidole: je, kiangazi kijito hukauka kwa sababu mifongo ya juu, ile mifereji ya kumwagilia, imechukua maji yote? Kijito kikikatika wiki mbili kila mwaka, kaa wataondoka bila tone la sumu.

Labda utaniuliza kaa ana kazi gani hata tumlilie. Katika vijito vya Ulaya, majani yanayoanguka majini hutafunwa na wadudu. Huku kwetu Afrika Mashariki wadudu wa kazi hiyo ni wachache, na mtafunaji mkubwa ni huyohuyo kaa wa mtoni, wa jamii ya Potamonautes. Anakata jani vipande, vipande vinaliwa na wadogo, wadogo wanaliwa na samaki, na wale wanaoota mabawa wanaliwa na buibui wa kandokando, mbayuwayu na popo. Nenda kijitoni utazame nyuma ya mawe makubwa: nadhani utakuta majani ya migomba na ya miti yamelundikana meusi, yanaoza bila kutafunwa. Kama ndivyo, umeona pengo la kaa kwa macho yako.

Na pengo halikai wazi. Anayekufa kwa dawa za wadudu ni kaa, buu wa kereng'ende na wenzao. Konokono, dawa hizo zinamgusa kidogo sana. Akibaki peke yake, hana wa kumla wala wa kugombania naye ule ute. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba konokono wanaobeba kichocho wanavumilia dawa za mashambani kuliko wanyama wengine wa majini, na wanastawi pale dawa zilipo. Ninyi wa juu maji yenu ni baridi na yana kasi, konokono hao hawayapendi. Lakini mto hauishii Kibosho, na huko tambarare kuna watu wanasimama kwenye maji hadi magotini wakipandikiza mpunga.

Sasa, kaa watarudi? Mto una njia mbili za kujaza pengo. Ya kwanza ni kutoka juu: kila usiku wadudu wachache huachia mawe na kuchukuliwa na maji. Ya pili ni angani: waliokwisha kuota mabawa huruka kupanda mto na kutaga. Kwa kuwa juu yenu kuna msitu wa hifadhi ambao haujapuliziwa, ghala la mbegu lipo. Dawa ikikoma, wale bapa wa mikia mitatu wanaweza kuonekana tena ndani ya miezi michache. Kaa ni mzito zaidi. Hana mabawa, wala hana mabuu ya kuelea kama kaa wa baharini. Jike hubeba mayai machache makubwa chini ya mkia, na vitoto hutoka wakiwa kaa kamili, wadogo kama punje ya dengu. Anarudi kwa miguu. Kwake hesabu miaka, na hesabu hiyo inaanza upya kila bomba linaposuuzwa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Wakati wa kiangazi, si baada ya mvua kubwa kwa sababu mafuriko nayo husomba wadudu, chukua chujio au kipande cha chandarua kilichofungwa kwenye fremu. Nenda juu ya bustani, mahali penye mawe na kasi. Mwenzio asugue mawe kwa mikono mbele ya chujio kwa dakika tano, kisha mwaga kilichonaswa kwenye beseni jeupe. Hesabu aina, piga picha. Rudia chini ya bustani, mahali panapofanana. Ukikuta aina kumi juu na tatu chini, umeshapata ushahidi unaozungumza kuliko karatasi ya mwaka jana. Ukipata tope, lichukue kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko safi, liweke kwenye baridi, na ulipeleke na majina ya dawa yaliyoandikwa kwenye makopo yaliyotupwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iko Ngaramtoni, Arusha, na kazi yake ni dawa hizo. Bodi ya Maji Bonde la Pangani makao yake ni hapohapo Moshi.

Lakini kabla ya ofisi, ongea na wenye bustani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazodhuru mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na unaweza kuwakumbusha. Ila wewe na mimi tunajua kwamba kwenye miteremko yetu mita 60 ni kihamba cha mtu chote na cha jirani yake. Ukianza na sheria mtaishia kwa mwenyekiti wa kijiji mkiwa hamsalimiani. Anza na pipa. Mkulima anaosha bomba kijitoni kwa sababu maji yako kule. Likiwepo pipa la maji juu shambani, anasuuza mara tatu palepale na yale maji ya kusuuzia anayapuliza kwenye nyanya zake, dawa aliyoilipia isiende bure. Nimeona watu wakikubali kwa hoja hiyo ya fedha ambao kwa hoja ya kaa walinicheka.

Hukuniuliza kuhusu kunywa, lakini nitasema. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi dawa. Kama mna maji ya bomba au chemchemi, watoto wanywe hayo. Ng'ombe wanyweshwe juu ya bustani, au asubuhi na mapema kabla watu hawajaingia shambani.

Na msiwabebe kaa kwa ndoo kutoka mto mwingine kuja kuwapanda, najua vijana watalipendekeza. Mkiona wadudu wa mikia mitatu wamekaa chini ya bustani msimu mzima bila kupotea, kaa walio juu watateremka wenyewe. Hutembea usiku, hata nje ya maji ardhi ikiwa imelowa. Masika ya kwanza baada ya hapo, toka na tochi.